Saa Tano Zilizofichwa

Masalu alikutwa kifudifudi mlangoni mwa zizi lake huko Mpui, Jumanne saa saba mchana, kisogo kimepasuka. Mkewe Kabula, aliyetoka nyumbani saa nne kwenda mnadani, ndiye aliyemwona kwanza. Daktari alikadiria kwamba aliuawa mnamo saa sita. Kando yake kulikuwa na mpini wa shoka uliofutwa alama za vidole. Hakuna kilichoibwa.

Inspekta Coleta kutoka Sumbawanga alihoji majirani siku nzima, upepo wa Ufipa ukimkata masikio. Hakuna aliyewahi kugombana na marehemu. Jambo moja tu lilimkaa kichwani. Kabula alisema kwamba Jumapili mumewe alimpigia simu mdogo wake, Enock, anayesomea udaktari Guangzhou, China, wakaongea kwa ukali.

Enock alifika msibani Jumatano asubuhi. Alhamisi Coleta akamwita kituoni.

"Pole na msiba. Uliondoka lini Guangzhou?"

"Jumatatu saa tatu usiku, afande. Nilikuwa nakuja likizo. Tiketi hii hapa kwenye simu."

"Mpaka Dar es Salaam ni mbali?"

"Kilometa elfu nane na mia saba. Saa kumi na nusu angani. Nilitua Jumanne saa moja na nusu asubuhi, ndege ya kuja huku, ya Songwe, ilikuwa imeshaondoka tangu saa kumi na mbili. Nikaomba lifti, tukasafiri mchana na usiku."

Koplo Adolfu, aliyekuwa akiandika maelezo, alitikisa kichwa kukubali. Coleta akaiangalia tena tiketi.

"Saa tatu usiku za wapi?"

Enock alinyoosha mkono kuichukua simu yake.

"China wako mbele yetu kwa saa tano. Ulipopaa, hapa kwetu ilikuwa saa kumi jioni. Adolfu, ongeza saa kumi na nusu."

Adolfu alihesabu kwa vidole. "Saa nane na nusu usiku, afande."

"Basi ile ndege ya alfajiri haikukuacha. Uliisubiri."

"Nilipitiwa na usingizi."

Coleta hakubishana naye. Alishika simu ya mezani, na hakuiweka chini mpaka alipopata alichokitaka. Jina la Enock lilikuwa kwenye orodha ya abiria waliotua Songwe saa moja na robo. Kufikia alasiri, dereva aliyemkodi alikuwa amepatikana. Alimshusha Mpui saa tano na nusu.

Coleta alimsomea haki zake, kisha akauliza, "Ulimfuata kwa lipi?"

Enock aliinamisha kichwa mezani. "Nilifukuzwa chuo mwaka wa pili. Miaka mitatu sasa. Kaka aliendelea kuuza ng'ombe anisomeshe, mpaka akaambiwa na mtu. Akasema Jumamosi atauambia ukoo wote. Nilikuja kumwomba anyamaze."

"Akakataa?"

"Alikataa kunyamaza. Lakini hakunifokea, afande. Alicheka kidogo, akasema nirudi nyumbani, wamebaki ng'ombe sita, tutachunga wote. Akanipa mgongo, akaanza kufungua zizi. Kijiji kizima kinaniita daktari. Nikauona ule mpini."

Adolfu aliacha kuandika. Coleta akamsogezea Enock kalamu atie sahihi, kisha akatoka barazani, alikokuwa amekaa Kabula tangu asubuhi, kumwambia muuaji ni nani.