Mayai Manane ya Kuku wa Edmond

Kila asubuhi Mama Mathilde hukoroga uji wa watu wawili, kisha hukumbuka. Edmond, mume wake, alifanya kazi ya reli hapa Kamina mpaka alipofariki mwaka jana. Watoto wako Lubumbashi. Nyumbani kimebaki kitu kimoja chenye sauti: sanduku la kutotolea mayai.

Ndani yake mna mayai manane. Kuku wa Edmond, wale wa madoadoa, walikufa wote kwa ugonjwa. Haya ndiyo mayai yao ya mwisho.

Taa ndogo huyapa joto. Kijiti kiitwacho kapteri hupima joto hilo. Kompyuta ndogo, kama kiberiti kwa ukubwa, husoma kapteri. Joto likipita nyuzi 38, huzima taa na kupiga king'ora. Mama Mathilde aliiandikia programu mwenyewe, katika darasa la akina mama pale parokia.

Lakini wiki hii king'ora kinalia kila mara. Kikilia, yeye hufungua kifuniko.

"Nini tena, Edmond?" huuliza. Kwa miaka mingi ndivyo alivyomjibu mumewe alipomwita.

Éliane, jirani anayefundisha darasa lile, alisikia kelele akaja.

"Hodi, Mama! Iko inalia tangu asubui?"

"Karibu, mutoto wangu. Inalia kunishinda minyi mwenyewe, mujane! Inasema 47. Nikifungua, ni 37."

"Na ukifunguaka, joto inatoka. Mayai inasikia baridi."

Mama Mathilde aliondoa mkono wake kwenye kifuniko. "Kumbe ni minyi njo ninaiua mayai?"

Éliane akaunganisha kompyuta yake na sanduku, akasoma programu. "Unapima mara moja tu, unaamini. Waya ni murefu, betri ni ya zamani. Namba moja inaweza kuruka bure. Mama, pale gare, ukitaka kujua treni itafika saa ngapi, unaulizaka muntu mumoja?"

Mama Mathilde akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. "Kalunga wa tiketi? Ule muongo! Ninaulizaka bantu wote, halafu ninakata katikati."

"Njo vile. Pima mara kumi. Jumlisha. Gawa kwa kumi. Tisa zikisema 37 na moja 47, jumla ni 380. Ukigawa?"

"Ni 38."

"Haikupita mupaka. Taa inabaki."

Mama Mathilde akaandika kwenye kompyuta ya Éliane, kwa kidole kimoja. Skrini ikaonyesha 38. Halafu ikaonyesha 76. King'ora kikapiga kelele.

"Mama! Hatutotoleshi tena, tunapika!"

"Usinicheke. Nimekosea wapi?"

"Ukipima unga na ndoo, kabla ya kupima ya pili unafanya nini?"

"Ninamwaga ile ya kwanza kw—"

Akarudi kwenye programu. Jumla ilikuwa bado imebeba namba za zamani. Akaandika kwamba kila kompyuta inapoanza kupima upya, jumla irudi sifuri. Skrini ikaonyesha 38. Kisha 37. Kisha 38.

"Bon, ni muzuri," Éliane akasema. "Lakini zote kumi zikikosea pamoja, hesabu haitakusaidia. Kila asubui, linganisha na kipimajoto cha kioo. Na kifuniko, ufungue tu wakati wa kugeuza mayai."

Éliane akaenda zake. Sanduku likanyamaza, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Siku zilizofuata hakuna kitu kilichomwita Mama Mathilde. Alikaa kando ya sanduku, mikono mapajani, akijizuia kufungua kifuniko. Aligeuza mayai, akafunga haraka. Namba zilitulia. Nyumba nayo ilitulia mno.

Jumapili, alipotoka misa, alifungua mlango na kusikia mlio mwembamba. Haukuwa wa king'ora. Akaacha viatu vyake kizingitini, akapiga magoti. Yai moja lilikuwa na ufa.

Hakufungua. Alisubiri pale sakafuni, akiwa na nguo yake ya kanisani.

Mayai matatu hayakutotoa. Baridi ilikuwa imeyawahi. Kufikia jioni, vifaranga watano walikuwa wamesimama chini ya taa, manyoya yakikauka.

"Nini tena, Edmond?" Mama Mathilde aliuliza.

Wote watano wakamjibu.