Puring Kutoka Kaburini kwa Lestari

Puring ukihamishwa hununa. Kila mwanamke wa Klaten, kule Java, aliyewahi kupanda mti huo wa majani ya rangi anajua: leo umeuhamisha, kesho unapukutisha majani kama mke aliyeudhiwa, mpaka uzoee ukuta mpya. Huu wa Sumirah haukudondosha hata jani moja. Tena, puring hupata rangi kwa jua, ukiuweka kivulini unarudi kijani. Sumirah aliuweka ndani, chumbani kwa marehemu bintiye Lestari, madirisha yamefungwa, na majani yakazidi kuwa mekundu.

Angeshtuka, lakini aliyefiwa na mtoto huona anachotaka kukiona.

Tawi lenyewe alilikata juu ya kaburi la Lestari. Jamani! Kule kwao puring ndio mti wa makaburini, na hata mtoto wa chekechea anajua kuwa kitu cha makaburini, hata kijiti, hakirudi na mtu nyumbani. Lakini Lestari alikufa kwa homa ya dengi akiwa msichana mbichi kabisa, na mama yake alipouona mti umestawi kichwani pa mwanawe alijisemea, umekula udongo wa mwanangu, basi na wewe ni wangu. Akalificha tawi ndani ya mtandio.

Akaulea. Maji ya kuoshea mchele kila asubuhi, kitambaa kibichi jani kwa jani, na maneno, maneno mengi. Asubuhi moja akipangusa, mti ukamjibu.

"Taratibu, Mama. Unanitekenya."

Sauti ya Lestari, ile ile yenye makwaruzo kidogo. Sumirah aliketi sakafuni akalia kwa furaha. Chumba kilinuka udongo uliotoka kuchimbuliwa, naye hakujali.

Aliyelipa ni Kinasih, kitinda mimba, aliyekuwa darasa la kwanza. Baba yao alikuwa mbali Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi, hakuwapo wa kuona. Mtoto akasusa chakula, hata tempe, ile mikate ya soya ya kukaanga aliyokuwa akiiiba jikoni. Midomo ikampauka. Jioni moja wakati wa magharibi alimvuta mama yake sikio.

"Dada ananiita ukutani," alinong'ona.

"Anasemaje?"

"Anasema kwake kuna nafasi. Nijikunje tu."

Sumirah akasikiliza, na nyuma ya ukuta akasikia kucha zikikwaruza polepole kutoka chini kuja juu, kisha kicheko cha Lestari kikazunguka chumba kizima kikishuka mpaka pale alipokuwa ameegemea mtoto, ile harufu ya udongo ikapenya chini ya mlango ikajaa nyumba, na Kinasih, mwanawe aliye hai, akatabasamu na kuuwekea ukuta kiganja chake cheupe kama anayepeana mkono na mtu.

Alimbeba mbio mpaka kwa jirani, na asubuhi akaenda kwa Mzee Paimo, mlinzi wa makaburi.

"Umenibebea nini kule, Mama Lestari?" Mzee alimwahi. "Niliona tawi limekatwa kwa kisu. Nikasema labda siku hizi mbuzi wana visu."

Sumirah akaangua kilio, akasema yote.

"Yule si mwanao," Mzee alisema kwa upole. "Kila mtu anazaliwa na jini wake. Anakua naye, anajua sauti yake na siri zake. Mtu akifa, jini anabaki hana pa kwenda. Wewe umemkaribisha, ukamnywesha."

"Lakini ananiita Mama, Mzee wangu."

"Ulitaka akuite shangazi? Urudishe huo mti leo kabla jua halijazama. Uupande, uondoke. Atakuita. Usigeuke, usijibu. Ukimjibu hata mara moja, huyo ndiye mtoto uliyemchagua. Haya nenda, Mama Kinasih."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Aliung'oa puring kwenye chungu, na mizizi ikamng'ang'ania vidole. Aliupanda kichwani pa Lestari kwa mikono mitupu, mvua ikianza, akageuka kuondoka.

"Mama, usiniache. Kuna giza huku."

Akatembea.

"Mama, nimekukosea nini? Ulisema hutaniacha tena, Mama, uliapa, umenishika mkono ukaapa!"

Akaung'ata mtandio mpaka ukachanika, akatembea, machozi na mvua vikimshuka pamoja. Alipofika langoni sauti ikaacha kuomba. Ikatulia, ikawa kama ya msichana anayeongea kutoka jikoni.

"Basi, nenda. Kinasih amelowa, mbadilishe nguo, asije akashikwa na homa."

Sumirah hakujibu. Nyumbani alimkuta Kinasih kibarazani, ametoka kwa jirani kwenye mvua, nguo zimelowa chapachapa, anauliza kuna nini cha kula.

Mtoto alipona. Sumirah alimuuliza Mzee Paimo kama jini huwa na huruma. Mzee alichukua ufagio wake, akaendelea kufagia.

Mpaka leo kila Ijumaa Sumirah huenda kaburini kwa Lestari. Hufagia, humwaga maji, hunyunyiza maua. Wenzake huongea na wafu wao, wakiwapa habari za nyumbani. Yeye hafungui mdomo, asije akawa anajibu.