Neno Moja, Wiki Nzima

Soko kuu la Bujumbura lilikuwa limefurika asubuhi ile Nella alipogongana na Loïc. Simu ya Nella ikaruka, ikatumbukia kwenye beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Toa ile kitu!" mama muuzaji akafoka. "Mi siuzishe ndagala zenye kupiga simu!"

Loïc, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, akaiokota na kuifuta. "Usiogope, dada. Mi ni fundi wa telefone. Nitaiponesha, lakini utakuya kuiona kila siku."

"Kila siku? Mugonjwa gani huyo?"

"Mugonjwa ni mi."

Basi mapenzi yakashika moto, mwaka 2003, vita vikinguruma milimani na watu wa mjini wakijifanya hawavisikii. Nella alikuwa akimfundisha Kiingereza Gianni, Mwitaliano mchimba visima aliyeishi mtaa wa Kinindo, kusini mwa mji.

"Iyi wiki yote tuko ku neno moja," akamwambia Loïc kwa simu. "Get."

"Neno moja, wiki nzima? Iko na kilo ngapi?"

"Cheka tu! Kupata barua, get. Kufika nyumbani, get. Kuelewa, kuzeeka, kulewa, yote get! Kwao kila moja iko na neno lake. Maskini, kichwa kinamuuma."

Alhamisi Loïc akampelekea betri mpya nyumbani kwa Gianni. Geti lilikuwa wazi kidogo, akachungulia. Mungu wangu! Barazani, yule Mwitaliano amepiga goti, anamvisha Nella pete! Na Nella, ndani ya gauni lake la njano, anacheka mpaka machozi. Betri ikamtoka Loïc mkononi, akaondoka bila kuiokota.

Jioni Nella akapiga. "Chéri, mbona hukukuya?"

"Salimia bwana yako."

"Bwana gani?"

Simu ikakatwa. Akapiga tena, imezimwa. Nella akalia kwa hasira, na siku zilizofuata hakuna aliyemtafuta mwenzake.

Mwezi wa saba mabomu yakaanza kuanguka kusini mwa mji, mchana kweupe. Watu wa Kinindo walikimbilia katikati ya mji na magodoro kichwani. Loïc alikuwa akikimbia kuelekea kule wanakotoka, maana ilikuwa saa ya somo la Gianni. Wivu wote ulikuwa umemwisha. Aliogopa jambo moja tu, kumkuta Nella amekufa wakiwa wamenuniana.

Geti limefungwa. Akaruka ukuta, akasimama katikati ya baraza. "Nella!"

"Get down!" Gianni akapiga kelele kutoka chini ya meza.

"Lala chini, we mujinga!" Nella naye akapiga yowe.

Loïc akajitupa sakafuni. Kishindo! Vioo vya dirisha vikamwagika pale pale alipokuwa amesimama.

Nella akamvuta chini ya meza. "Umekuya kufanya nini?"

"Nilikuona. Anakuvalisha pete."

"Pete?" Akamkodolea macho. Akatoa mfukoni funguo za geti, alilokuwa amelifunga mabomu yalipoanza, zimening'inia kwenye pete ya chuma. "Iyi? Lilikuwa somo, Loïc! Kuoa na yenyewe ni get. Mi nafundisha kwa kuigiza. Kesho yake tulifanya kulewa, nikapepesuka nyumba nzima. Iyo hukuiona?"

Aibu ikamshika Loïc. Bomu jingine likalia upande wa ziwa. Akachukua ile pete, akamvisha Nella kidoleni, funguo na vyote.

"Nikubali, Nella."

"Na iyi ni somo tena?"

"Mi sijui Kiingereza, chérie."

Nella akaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Akamkumbatia kwa nguvu, funguo zikimgonga Loïc mgongoni.