Chupa Tatu Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani yake, Mshonaji alimimina chupa tatu za dawa ya madoa kwenye bwawa la kuogelea.

Lilikuwa bwawa dogo nyuma ya nyumba. Urefu wake hatua saba, kina chake kifuani. Mumewe, fundi mwashi, alilijenga kwa mikono yake siku za mapumziko. Hakulijenga kwa fahari. Mama yake alikuwa amepata kiharusi, na mguu wa kulia ukawa mzito kama gogo. Daktari wa mazoezi alisema atembee majini kila siku, kwa sababu ndani ya maji mwili huwa mwepesi.

Bibi, mama huyo wa Fundi, alitaka jambo moja tu.

"Nataka kwenda chooni kwa miguu yangu," alisema. "Huyu mwanangu nilimbeba mimi mgongoni. Leo anibebe yeye mpaka chooni? Hapana. Hilo sijalizoea na sitalizoea."

Basi maji yalitakiwa yawe safi. Muuza duka aliwaambia kuwa dawa ya madoa ina klorini, na klorini ndiyo inayoua vijidudu vya bwawani. Hakudanganya. Lakini hakuwaeleza namna ya kuitumia.

Mwanzoni ilitosha chupa moja. Baada ya miezi miwili zikawa tatu. Mshonaji alishona sare ya shule siku nzima, na malipo yake yote yakaishia majini. Hata hivyo maji yalikuwa na ukungu. Kuta ziliota utelezi wa kijani. Harufu ya dawa ilifika barabarani. Bibi alitoka bwawani macho mekundu, akikohoa.

"Dawa imezidi," alisema Fundi. "Punguza."

"Nikipunguza maji yanakuwa kijani. Wewe uko kazini, huyaoni."

"Basi tulifukie."

Sauti ya Bibi ikatoka chumbani. "Fukieni. Na mimi mniache humohumo, mtapunguza kazi."



Jumamosi iliyofuata Mshonaji alipania kuzisugua kuta. Alimimina dawa ya madoa kwenye ndoo. Kisha akachukua dawa ya kusafishia choo, ile kali, akaongeza humo. Alifikiri mbili zitafanya kazi vizuri kuliko moja. Ndoo ikaanza kutoa povu. Harufu ikampiga puani kama kofi. Akaanza kukohoa.

"Wewe! Achia hiyo ndoo! Toka hapo! Njoo huku upepo unakotokea!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani yao, mwanamke anayetunza maji ya bwawa la umma. Mtaa mzima ulimwita Vipimo, kwa kuwa hata chumvi ya mboga aliipima kwa kijiko na kukisawazisha kwa kisu. Alifungua lango akamvuta Mshonaji mbali.

"Vuta pumzi polepole. Hewa hiyo ni sumu. Dawa ya madoa haichanganywi na dawa ya choo. Haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji. Mtu akizidiwa nayo hufa, shoga yangu."

"Nilitaka kusafisha tu."

"Najua. Wote waliofikishwa hospitali walitaka kusafisha tu. Ndoo iache hapohapo, mtu asiisogelee mpaka hewa hiyo iishe. Na kikohozi kisipokuacha, twende hospitali leo hii, usingoje kesho."

Kikohozi kilipotulia na hewa ikawa safi, Vipimo alileta kisanduku chake cha kupimia maji; Fundi na Bibi nao wakatoka nje. Alizamisha mkono mpaka kiwiko, akachota maji kwenye kichupa. Akatia dawa ya kupimia.

"Klorini ikiwepo, maji haya yanakuwa ya waridi," alisema.

Walingoja. Maji yakabaki vilevile.

"Hakuna klorini humu."

"Hakuna?" Mshonaji alishangaa. "Na harufu yote hii?"

"Harufu hiyo ni ya dawa iliyokwisha kazi. Imeshikana na jasho na mkojo. Hiyo ndiyo inayowasha macho na kukohoza."

Bibi, kwenye kiti chake, alitazama juu.

"Mimi mzee," alisema hatimaye. "Maji ya uvuguvugu yananishawishi."

Vipimo hakucheka. "Hata vijana yanawashawishi, mama. Sasa niambieni, dawa mnamwaga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi," alisema Mshonaji. "Mama anaingia saa kumi jioni."

"Na turubai la kufunika liko wapi?"

"Nililiondoa," alisema Fundi. "Nilitaka jua limpashie mama maji."

"Basi dawa yenu mnalilisha jua. Jua kali linaimaliza klorini kabla ya mchana kupita. Na haya mafuta yanayoelea?"

"Ya kumchua mguu," alisema Mshonaji kwa sauti ndogo. "Namchua kabla hajaingia."

"Mchue akishatoka. Mafuta nayo yanaila dawa."

Mshonaji aliziangalia chupa zake, zimepangwa ukutani, juani. Vipimo akazitazama pia.

"Na hizo zinapoteza nguvu hapo. Ziwekwe kivulini, penye ubaridi, mbali na watoto. Zisiwe zenye manukato. Siku tatu mama asiingie bwawani."

"Nani kasema?" aliuliza Bibi.

"Kipimo kimesema, mama. Mimi natumwa tu."

Siku hizo tatu Fundi alisugua kuta kwa brashi na maji matupu, akasafisha chujio la pampu ya bwawa na kuiacha ikizunguka. Mshonaji alimwaga dawa jua lilipozama, kidogo kidogo kando ya bwawa, pampu ikifanya kazi. Asubuhi alipima kwa kisanduku alichoazimwa na Vipimo. Turubai likarudi, na lenyewe likatunza joto la maji. Siku ya nne sakafu ya bwawa ilionekana, kigae kwa kigae, na kichupa kikawa cha waridi, sawa na rangi ya kwenye kadi ya kisanduku hicho.

Sasa ilitosha chupa moja kila jioni, na siku nyingine nusu. Wekundu wa macho ya Bibi ukaisha. Sheria ilikuwa moja: choo kwanza, kuoga kwa sabuni, kisha bwawani.

Mwanzoni Fundi alimbeba mpaka chooni. Baadaye akamshika mkono. Mwezi wa nne tangu hapo, alasiri moja, Bibi aliusukuma ule mkono. Akashika ukuta. Hatua. Akapumzika. Hatua nyingine. Mshonaji alisimama na taulo.

Mlango ulifungwa. Komeo likalia kutoka ndani.

"Usinisubiri mlangoni kama askari," sauti ya Bibi ilisema. "Nenda kapime maji. Nakuja."