Klachi ya Gari la Mayai

Mtaa mzima ulimwita Mama Kuku, naye hakununa. Kuku ndio waliomlisha. Kila asubuhi mumewe aliokota mayai bandani. Yeye aliyafuta na kuyapanga kwenye trei. Kisha waliyapakia kwenye gari lao la mizigo.

Na gari lenyewe! Lilikuwa halijatimiza hata mwaka. Viti vyake bado vilinukia upya. Mume alilifuta vumbi kama mtu anayemfuta mtoto pua.

"Endesha taratibu, mke wangu," alisema kila siku. "Umebeba mayai, hukubeba mawe."

"Tangu lini nikavunja yai?" Mama Kuku alijibu kila siku.

Ni kweli, hakuwahi kuvunja. Alikuwa na mbinu yake. Akiondoka, aliishikilia klachi nusu kwa muda mrefu, gari likasogea kama paka anayenyatia panya. Kwenye matuta, klachi nusu. Akisimama mlimani, hakuvuta breki ya mkono. Alilizuia gari lisirudi nyuma kwa klachi na mafuta. Na hata barabara iliponyooka, mguu wake wa kushoto ulikaa juu ya pedali, kama askari wa zamu.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na shangwe. Hoteli kubwa ya juu ya kilima ilitaka mayai.

"Leteni Jumamosi, kabla ya saa moja asubuhi," mpishi mkuu alimwambia mume. "Nikiyapenda, mtaniletea kila wiki. Mkichelewa, au nikikuta yamepasuka, nina watu wengine wanaonisubiri."

Mume alirudi nyumbani anacheza njia nzima. Alhamisi wakaamua kuijaribu njia, ili siku ya siku wasihangaike.

Kilima kilikuwa kirefu. Walipofika katikati, injini ilinguruma kama simba, lakini gari lilitambaa kama konokono. Mama Kuku akakanyaga mafuta zaidi. Kelele zikaongezeka, mwendo haukuongezeka.

"Gia! Punguza gia!" mume alipiga kelele.

"Nimepunguza!"

Gari likagoma kabisa kupanda. Wakageuza na kushuka.

Nyumbani, geti lao lilikuwa kwenye mwinuko. Mume alishuka kufungua. Mama Kuku alisubiri garini, mguu kwenye klachi, mguu kwenye mafuta. Hapo harufu ya kuungua ikampiga puani.

Akatoa kichwa dirishani. "Jirani! Unachoma nini tena? Viatu?"

Jirani yake alitokeza juu ya ukuta, mikono imejaa povu. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke wa sauti kubwa. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki.

"Mimi nafua, jirani. Nitachomaje maji?"

Alitoka, akanusa, akalizunguka gari. Kisha akachungulia miguuni mwa Mama Kuku.

"Vuta breki ya mkono. Zima gari. Kinachoungua ni chako mwenyewe. Klachi hiyo!"

"Haiwezekani!" mume alidakia. "Gari jipya hili!"

"Shemeji, sufuria jipya halikatai kuungua. Hebu nipe mikono yako."

Akavibana viganja vya mume pamoja. "Kiganja hiki kinazungushwa na injini. Hiki kinapeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukiachia pedali yote, vinashikana barabara, gari linakwenda. Ukikanyaga yote, vinaachana, unabadilisha gia. Sasa, ukikanyaga nusu vinafanyaje? Sugua! Sugua haraka!"

Mume akasugua. Akasugua mpaka akaruka. "Moto huo!"

"Basi ndivyo jirani yangu anavyoifanya klachi kutwa nzima. Inasuguana, inaungua, mwisho inateleza. Injini inapiga kelele, gari haliendi."

Mama Kuku alikunja uso. "Nalinda mayai!"

"Umelinda mayai, umekaanga klachi."

Mume alicheka. Mama Kuku hakucheka. Alikuwa anaiona hoteli ikimponyoka.

"Niambie moja tu," alisema. "Jumamosi tutapanda kile kilima au hatupandi?"

"Usilitembeze leo. Liache lipoe. Kesho mpelekeeni fundi alipime, msibahatishe."

Ijumaa asubuhi fundi aliangalia mafuta ya klachi, akapima pedali. Kisha akaliendesha mwenyewe kwenye mlima ulio jirani na gereji, Mama Kuku pembeni yake. Gari lilipanda bila kelele za bure.

"Imepoa, inashika," fundi alisema. "Imeliwa, lakini bado ina nyama. Mngeendelea hivyo, mngeletwa hapa mnavutwa kwa kamba."

"Si lina dhamana?" mume aliuliza.

"Dhamana ni ya kosa la kiwandani, mzee. Hili ni kosa la mguu. Soma makaratasi yako."

Mama Kuku hakupoteza muda. Jioni alimchukua Mwalimu Breki mpaka kwenye uwanja mtupu. Nyuma waliweka trei moja ya mayai yaliyokuwa na nyufa. Mume alikaa nayo kama mwamuzi wa mpira.

"Achia pedali polepole mpaka usikie gari linataka kuondoka," mwalimu alisema. "Tua hapo kidogo. Ongeza mafuta. Likianza kutembea, achia yote, mguu uweke sakafuni."

Mara ya kwanza gari liliruka kama mbuzi.

"Yamekufa mengi!" mume alitangaza kutoka nyuma, suruali imelowa ute.

"Tena!" mwalimu aliamuru.

Mara ya pili injini ilizimika. Mama Kuku akajipiga paja. Akawasha tena. Walizunguka uwanja mpaka mume akaacha kutangaza vifo. Kisha wakaenda penye mwinuko.

"Hapa breki ya mkono ndiyo rafiki yako. Simama, ivute. Unapotaka kuondoka, achia klachi mpaka pua ya gari iinuke kidogo, ongeza mafuta, ndipo uishushe breki."

Mama Kuku akafanya hivyo. Gari likapanda kwa upole, halikurudi nyuma hata unyayo.

"Uuuwi!" alishangilia. "Kumbe!"

"Kumbe ndiyo hiyo," mwalimu alisema. "Na trei zako zifunge kwa mkanda, uweke magodoro ya sponji chini. Mayai hulindwa na upakiaji, si na klachi."

Jumamosi waliondoka kukiwa na ukungu. Trei zilifungwa imara juu ya sponji. Kilima kilipoanza, Mama Kuku alipunguza gia mapema, akaachia pedali yote. Injini ikavuta. Gari likapanda.

Karibu na geti la hoteli, lori la maji lilikuwa limesimama mbele yao, palepale kwenye mwinuko mkali.

"Mungu wangu," mume alinong'ona. "Saa moja inakaribia."

"Nyamaza, usinivuruge."

Akavuta breki ya mkono. Akaweka gia huru, miguu yote ikapumzika. Lori lilipoondoka, aliingiza gia ya kwanza. Klachi ikapanda polepole. Pua ya gari ikainuka. Mafuta kidogo. Breki chini. Wakaingia getini kama bwana na bibi harusi.

Mpishi mkuu alikuwa mlangoni, anatazama saa. Hakusalimia. Alifungua trei ya juu, akafungua ya katikati, akainama akaivuta ya chini kabisa. Alipitisha kidole juu ya mayai, moja baada ya jingine. Mume alifumba macho.

"Hakuna hata lenye ufa," mpishi alisema, kana kwamba amekosa cha kulalamikia. "Mmepandaje na barabara hii?"

"Kwa gari," Mama Kuku alijibu.

Mpishi akacheka kwa mara ya kwanza. "Haya. Wiki ijayo, saa hii hii. Na trei ziwe mara mbili."

Mume alitaka kurukaruka pale pale. Mama Kuku alimshika shati, akamwingiza garini. Akawasha, akaingiza gia, wakatoka getini. Walipofika barabara iliyonyooka, ndipo mume alipopiga yowe la furaha. Mama Kuku naye akajiunga, huku mguu wake wa kushoto umetulia sakafuni.