Mkono Peke Yake

Suruali nyeupe sokoni Kampemba, tena upande wa samaki: huko ni kutafuta balaa, na Clovis aliipata. Beseni la muuzaji Keren, lililojaa samaki wakavu wa Pweto, lilimchafua goti.

« Pole, papa, » alisema Keren, akijifunga upya kikwembe chake cha kijani.

« Apana kitu. Weye uko crush yangu. »

« Njo nini hiyo? »

« Anglais ya sasa. Muntu anakamata roho yako mbele ya kujua jina yake. »

Clovis alikuwa fundi wa simu, na kila wiki aliokota humo neno jipya la Kiingereza. Keren aliyapenda yote, hadi mwezi wa tatu wa mapenzi yao, shangazi yake alipompigia.

« Keren, Clovis ameweka foto ya mukono yako kwa status. »

« Mukono tu, tantine Victorine? »

« Mukono tu. Kichwa iko wapi? »

Keren alimpigia Clovis palepale.

« Uko nanificha? »

« Apana, chérie. Inaitwa soft launch. Unaonyesha mupenzi polepole. Leo mukono, kesho bega. »

« Miye niko mbuzi, unaniuzisha kipande kipande? Kwetu mwanaume anakuya nyumbani, anajionyesha kwa wazazi. Miye nataka bwana. »

Akakata. Wiki mbili hakupokea simu wala kujibu ujumbe. Kiingereza kina neno la hilo pia, ghosting, na Clovis alilijua, ila hakuwa na wa kumwambia. Alikonda, maskini.

Jumapili alifika kwao Keren kuposa, kavaa suti ya bluu, pamoja na baba yake mdogo Godefroid na kreti mbili za vinywaji. Kumletea mchumba wasichana waliofunikwa ili amtambue wake ni desturi. Lakini Victorine hasahau kitu: alileta watano chini ya vikwembe, kila mmoja katoa mkono mmoja tu.

« Ulituonyesha mukono. Bon, chagua mukono. Ukikosea, rudia kwenu na suti yako. »

Godefroid alifuta jasho. Clovis alipita mikono yenye kucha za rangi, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkono wa nne ulinukia samaki. Alipiga magoti, akaushika.

« Njo huyu. Hii kovu ni ya kisu. Alijikata siku nilimuchekesha kwa simu. Minamuomba yeye muzima, na kichwa yake. »

Kikwembe kilitikisika kwa kicheko, kikaanguka.

« Na anglais inasema je? » aliuliza Keren, machozi yakimlengalenga.

« Sijui. Minakupenda tu. »

« Basi piga foto. Uso kwanza. »

Jioni Kampemba nzima iliuona uso wa Keren kwenye status ya Clovis, na meno yote. Mkono haukuonekana. Clovis alikuwa hajauachia.