Njia Iliyopinda Ndani ya Kioo

Kila akitoka shule, Chiriku humsubiri mama yake kazini, kwenye benchi nje ya chumba cha leza. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mama huchora njia za mwanga ndani ya kipande cha kioo, njia nyembamba kuliko unywele, za kompyuta za aina mpya zinazotumia mwanga. Taa nyekundu ya mlangoni ikiwaka, leza inachora, na hata mama mwenyewe hukaa nje. Meza ikitikisika kidogo tu, njia hupinda.

Jumatatu mama alikwenda kunawa mikono huku taa ikiwaka. Chiriku alijipenyeza ndani, akaegemeza kiwiko mezani achungulie, kisha akarudi mbio kwenye benchi.

Kesho yake mwanga uliingizwa upande mmoja wa kioo, haukutokea upande wa pili.

"Mashine ni nzima," mkuu wa karakana alimwambia mama, Chiriku akisikia kutoka kwenye benchi. "Labda mikono yako imechoka, dada. Kuanzia kesho ataishika mwingine."

Nyumbani mama alipakua chakula, chake hakukigusa.

"Pengine kweli nazeeka," alisema akiitazama mikono yake. "Na wewe Chiriku, leo umemeza kufuli?"

Chiriku alirudisha tonge sahanini. Roho ilimuuma mno.

"Mama, ni mimi. Niliingia taa ikiwaka, nikaegemea meza." Akaangua kilio.

Mama alisukuma sahani yake kando. "Siku nzima natafuta kosa mikononi mwangu!" alifoka. "Kesho utamwambia mkuu, kwa mdomo wako huo huo."

Asubuhi, kabla ya shule, Chiriku alimwambia mkuu yote. Mkuu, akijua sasa pa kutazama, alipitisha mwanga mwekundu ndani ya kioo. Katikati ya njia iling'aa nukta ndogo. Hapo palikuwa pamepinda, na mwanga ulikuwa ukivuja.

"Dada, niwie radhi," alisema. "Shika mashine yako."

Mama alipachika kioo kipya. "Kile cha kwanza hakifutiki, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimekusamehe, lakini ukikosea sema mapema, kabla mwenzio hajabebeshwa kosa lako."

Mama na mwanawe wakatoka, wakafunga mlango taratibu. Mama na mwanawe wakatoka, wakafunga mlango taratibu.